Pima Baada ya Lipu: Kumalizia Ndani ya Nyumba ya Mita Tatu kwa Sita

Mita tatu kwa sita unazozipima kwenye pagale si mita tatu kwa sita utakazohamia. Lipu inakula sentimita moja na nusu kila ukuta, na pale tofali zilipokaa vibaya inakula mbili, hata tatu. Bafuni inaongezeka gundi ya marumaru na marumaru yenyewe, kwa hiyo kila upande unapoteza kama sentimita tatu. Bafu lililochorwa mita 1.20 linaishia 1.14. Kwenye nyumba ya vyumba vitatu hakuna atakayegundua. Kwenye nyumba ya chumba kimoja, hizo sita ndizo zinazoamua kama magoti yatagusa ukuta ukikaa chooni.

Ndiyo maana kabati lililoagizwa kwa maseremala wa mitaa kama Unga Limited ya Arusha au Majengo kwa vipimo vya ukuta mtupu hufika likagoma kuingia. Seremala hana kosa, alipewa vipimo vya nyumba ambayo haipo tena. Nyumba ndogo inapangwa kutoka uso wa mwisho kurudi nyuma: kwanza ujue lipu, marumaru, silingi na sakafu vitaishia wapi, halafu ndipo uamue bomba litokee wapi na boksi la swichi likae wapi.

Nyumba inayozungumziwa hapa ni ya tofali za simenti za inchi 6, ndani mita 3 kwa 6 kabla ya lipu, bati la mteremko mmoja, ukuta wa upande wa chini mita 3.2 na wa upande wa juu 3.7. Mwisho wa nyumba kuna bafu la 1.2 kwa 1.8, pembeni yake jiko, na juu ya vyote viwili dari la kulala, yaani jukwaa la mbao la kuwekea godoro. Boma limesimama, bati lipo, jamvi, yaani zege la sakafu, limemwagwa. Imebaki ile sehemu inayokula hela kimyakimya.

Kabla mchanga wa lipu haujashushwa

Tindua kuta zote mapema. Konduti, yaani mabomba ya kupitishia nyaya, za milimita 20 zishuke wima au zipite mlalo, zisikate ukuta kwa mshazari, maana ipo siku utatoboa kuweka rafu na hutakumbuka zilipita wapi. Piga picha kila ukuta ukiwa umenyoosha futi kamba ndani ya picha. Picha hizo zina thamani kuliko ramani. Boksi la chuma la soketi usilizamishe likalingana na tofali. Liache litokeze sentimita moja na nusu, sawa na unene wa lipu itakayokuja. Likizama, skrubu za soketi hazifiki, fundi anatafuta ndefu zaidi, anakaza, na mfuniko unapasuka.

Nyaya za milimita za mraba 1.5 zinatosha taa, 2.5 soketi. Mwenye njaa ni hita ya kuogea. Hita ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta ampea 24, kwa hiyo ipewe waya wake yenyewe wa 6 kutoka kwenye meinswichi, breka ya ampea 32, swichi iliyo nje ya mlango wa bafu, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30, ambacho mafundi wanakiita RCD. Kuna watu wanaichomeka kwenye mzunguko wa soketi "kwa muda". Waya wa 2.5 uliozikwa ukutani unapata moto taratibu, ganda lake linakauka na kupasuka, na dalili ya kwanza ni harufu ya plastiki wakati mtu anaoga. Upande wa umeme, kufanya mwenyewe kuishie kwenye kutindua na kulaza konduti. Kuunga na kupima ni kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na TANESCO hawatakuletea mita ya LUKU bila mkono wake.

Mabomba ya maji ya PPR, plastiki inayoungwa kwa joto, ni rafiki wa anayejifunza, mradi asiwe na papara. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye mashine ya kuyeyushia ya nyuzi joto 260 kwa sekunde 5, linatolewa, linasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa, linashikiliwa mpaka litulie. Ukilipitiliza, plastiki inavimba kwa ndani na kuziba nusu ya njia. Maji yatapita, lakini bomba la mvua la kuogea litadondosha kama lina mafua, na chanzo kitakuwa kimezikwa nyuma ya marumaru. Jaza maji, funga ncha zote, weka presha, acha usiku kucha. Lipu ipigwe juu ya maungio makavu.

Simtanki nalo lina hesabu yake: kila mita moja ya kwenda juu inakupa baa 0.1 tu. Hita nyingi za papo kwa papo hazitaki kuwaka maji yakiwa legelege. Kichwa cha bomba la mvua kikiwa mita 2 kutoka sakafuni, kitako cha tanki kiwe mita 4 au zaidi. Watu wanajenga mnara usawa wa bati la chini ili usionekane, halafu wananunua pampu.

Kwa Arusha ongeza jambo moja. Maji ya visima na chemchemi nyingi zinazotoka Mlima Meru yana floraidi, ndiyo inayoyapa meno ya watu wengi wa huku ile rangi ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi iliyobaki inazidi kukolea. Wakati ukuta bado uko wazi, vuta bomba la pili jembamba hadi kwenye sinki kutoka kwenye tanki la maji ya mvua, liwe la kunywa na kupikia. Bomba hilo leo ni la bei ndogo. Baada ya marumaru ni kutindua upya.

Maji machafu kwa ufupi: choo bomba la inchi 4 lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, bafu na sinki inchi 2, na kila tundu liwe na trapu inayoshika maji ya kina cha sentimita 5. Hayo maji ndiyo kizibo cha harufu. Nyumba ikifungwa mwezi mzima yanakauka, na ukirudi utadhani shimo limejaa. Mimina kikombe cha maji kwenye kila trapu kabla hujamwita mtu.

Lipu

Anza na mchanga. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ujaze mchanga hadi nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, uiache masaa matatu. Mchanga utakaa chini na tope juu yake. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10, tope lisizidi milimita 8. Kwenye udongo wetu huu wa volkano vumbi laini ni jingi, na lori moja si sawa na lori jingine hata kama dereva ni yuleyule. Tope linazifunika chembe za mchanga, simenti inakosa pa kushika, mchanganyiko unadai maji zaidi, na yakikauka ukuta unajichora nyufa kama tope la bwawa lililokauka.

Kuta za nyumba hii, pamoja na pande mbili za ukuta wa bafu, ni kama mita za mraba 65. Kwa unene wa wastani wa milimita 18 na uwiano wa moja kwa tano, andaa mifuko 9 ya simenti na mchanga mita 1.5 za ujazo. Mfuko wa kilo 50 ni lita 35 hivi, kwa hiyo unachukua mchanga lita 175: ndoo 9 za lita 20, ya mwisho ikiwa haijajaa. Hapo ni mchanga mkavu. Mchanga wenye unyevunyevu unavimba, ndoo tano za huo ni kama nne za mkavu, na asiyejua anajikuta amepiga lipu yenye simenti nyingi kuliko alivyokusudia, anashangaa mbona imepasuka wakati "hakubania". Simenti nyingi haizuii nyufa, inazileta. Ukipata chokaa nzuri, moja ya simenti, moja ya chokaa, sita za mchanga ndiyo lipu ya ndani ninayoipenda: inanyooka kirahisi na inavumilia.

Lowesha ukuta kabla. Tofali kavu linanyonya maji ya lipu kabla simenti haijayatumia, na mwezi mmoja baadaye ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi nyuma yake. Bandika vipande vya marumaru zilizovunjika kama alama, viwili juu na viwili chini, uvisawazishe kwa timazi na uzi, halafu jaza kati yake na ukokote kwa rula ya alumini ya mita mbili. Kanda kiasi cha kuisha ndani ya saa moja na nusu. Mchanganyiko ulioanza kukaza usiufufue kwa maji.

Wakati huohuo pima pembe. Chumba cha 2.97 kwa 5.97 kina ulalo wa mita 6.67 kona hadi kona. Ulalo mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita 3, irekebishe kwenye lipu sasa hivi, ukinenepesha upande mmoja, kwa sababu marumaru za sakafuni zitaianika hiyo tofauti mstari kwa mstari hadi mlangoni.

Mwagilia siku tatu hadi saba. Halafu subiri, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Lipu ya kawaida inataka kama wiki nne za hali ya hewa nzuri kabla ya rangi. Iliyopigwa Aprili, katikati ya masika, inataka zaidi, na Arusha ya Juni na Julai, baridi na mawingu hadi saa sita mchana, haisaidii. Moshi, iliyo chini zaidi na yenye joto, inakauka mapema. Usikisie. Gundisha kwa tepu kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani pande zote nne, ukiache siku nzima. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta bado mbichi. Unga mweupe unaojitokeza ukutani ni chumvi iliyoletwa na maji yanayotoka. Ukwangue kwa brashi kavu. Ukiuosha unairudisha ndani, nayo itatoka tena ikiwa na rangi yako mgongoni.

Dari la kulala

Hapa ndipo mbao zinapotakiwa kuongoza ramani, si ramani kuongoza mbao. Mbao zetu zinauzwa futi 12, yaani mita 3.66. Ukichora dari lenye kina cha mita 2, kila mbao ya sakafu inatoa kipande kimoja na mita 1.66 ya kuni. Ukilichora mita 1.80, kila mbao inatoa vipande viwili. Upana wa chumba ni 2.97, mbao ya inchi 1 kwa 8 ikishapigwa randa inafunika sentimita 19, kwa hiyo vinatakiwa vipande 16: mbao 8 na hakuna cha kutupa. Godoro la tano kwa sita, lenye sentimita 152 kwa 183, linalala kwa kukingama na bado unabaki na sentimita 28 za kuweka rafu ya vitabu na simu.

Mihimili iwe ya inchi 2 kwa 6, idadi yake sita, katikati hadi katikati sentimita 35. Kuna atakayekuambia 2 kwa 4 inatosha kwa sababu haitavunjika. Ni kweli haitavunjika, ila itacheza. Ugumu wa mbao unakwenda kwa kimo chake kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu, hivyo 2 kwa 6 inapinda chini ya theluthi moja ya inavyopinda 2 kwa 4 chini ya mzigo uleule. Kwenye urefu wa mita tatu, tofauti hiyo unaisikia kila mwenzio anapogeuka usingizini.

Kila mhimili ukatwe mita 3.2, sentimita 10 ziingie kwenye tundu la ukuta kila upande. Matundu yachimbwe kabla ya lipu. Kwenye tofali za mtaani, ambazo ukizikwangua kwa msumari zinatoa unga, boliti za kutanuka zinapasua tofali badala ya kushika. Tundu halina tabia hiyo. Ncha ya mbao iachiwe nafasi ya sentimita moja kuizunguka, isikandikwe, maana mbao iliyozibwa kwenye ukuta wa nje inaoza kuanzia kichwani. Vipande vinavyobaki vina sentimita 46. Vikate 30, uvigongomee kati ya mhimili na mhimili, katikati ya chumba, kuzuia mihimili isilale ubavu. Nafasi ziko tano, na vipande unavyo sita.

Ukuta wa bafu uliopo chini usiutegemee kama nguzo. Kuta hizo huwa zimeinuliwa juu ya jamvi tu, hazina msingi. Ziachie uwazi wa sentimita mbili chini ya mihimili na uuzibe kwa kipande cha mbao nyembamba. Jamvi likizama kidogo, kitakachoonekana ni mstari tu, si ufa.

Kuhusu mbao zenyewe. Paini na saipresi za mashamba ya West Kilimanjaro na Meru ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na mara nyingi zinafika zikiwa bado zinatoa maji. Mbao mbichi ya sentimita 20 inaweza kusinyaa milimita 6 hadi 8 kwa upana. Ukiipigilia leo, krismasi utaona jiko kupitia nyufa za sakafu ya kitanda. Zipange chini ya bati, zisiguse ardhi, vijiti vya inchi moja kati ya kila safu, kila baada ya sentimita 60, uzito juu. Chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki, uandike kwa penseli juu yake. Uzito ukiacha kushuka, mbao zimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Inachukua miezi miwili au mitatu, na sehemu yake ni ileile unayosubiri lipu.

Mgrivea, ule mti wa kivuli kwenye mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro na Meru, unadharauliwa bure. Ukipasuliwa vizuri una mchoro wa madoa yanayong'aa, unafaa sana kwa uso wa meza na milango ya kabati. Vaa barakoa unapoupiga msasa, vumbi lake linawasha. Mninga na mkongo viachie mlango wa nje, kama mfuko unaruhusu.

Na mbao za dawa, zile zenye ukijani: nzuri kwa kenchi na kwa ncha zinazoingia ukutani, lakini dawa inayotumika sana humo ina shaba, kromiamu na aseniki. Zisitumike kwa rafu ya vyombo wala ubao wa kukatia nyama, na vipande vyake visiingie jikoni kama kuni. Oili chafu pia ibaki nje. Inanuka miaka, na inapenya rangi yoyote utakayoipaka juu yake.

Chini ya mihimili acha mita 2.10. Ukiongeza kimo cha mhimili na mbao, sakafu ya dari iko 2.27. Godoro lisukume hadi ukuta wa chini, kichwa kielekee upande wa juu wa bati: aliyekaa kitandani, upande wa kichwa, anabaki na kama sentimita 95 juu ya godoro. Ukigeuza, utagonga silingi kila asubuhi. Ngazi ya nyuzi 70 inakula sentimita 83 za sakafu na ina vipando vinane vyenye nafasi ya sentimita 25. Ngazi ya makabati, ambayo kila hatua ni droo, inapendeza kwenye picha na inakula mita 1.80, karibu theluthi ya urefu wa nyumba. Mtu mzima anayeamka usiku kwenda chooni ataishukuru. Kijana hana haja nayo. Kizuizi cha pembeni kipande angalau sentimita 40 juu ya godoro, si juu ya mbao.

Bafu

Fanya hesabu ya sakafu kabla ya kununua marumaru. Chumba kinapokea sakafu ya simenti ya sentimita 5, juu yake gundi na marumaru sentimita 1.3: jumla 6.3 kutoka jamvini. Bafu linatakiwa lianze sentimita 2 chini ya hapo mlangoni, na literemke sentimita 2 kwa kila mita. Trapu ikiwa kona ya mwisho, mita 1.80 mbali, uso wa bafu pale unatakiwa uwe milimita 7 tu juu ya jamvi, wakati marumaru na gundi peke yake ni 13. Haiwezekani. Fundi atakachofanya bila kukuambia ni kupunguza mteremko, na maji yatakusanyika nyuma ya choo.

Dawa ya kweli ni kulishusha jamvi la bafu sentimita 10 siku ya kumwaga. Kama siku hiyo imeshapita, iweke trapu katikati, chini ya bomba la mvua, ili maji yasisafiri zaidi ya sentimita 90, weka kizingiti cha sentimita 5 mlangoni, na uanze bafu usawa wa chumba. Mteremko unakuwa 1.8, na chini ya marumaru pale kwenye trapu unabaki na simenti ya sentimita 3.2. Hapo inashika.

Kabla ya marumaru paka dawa ya kuzuia maji ya jamii ya simenti, koti mbili, la pili likikatiza la kwanza: sakafu yote, ukuta hadi sentimita 15, na upande wa kuogea hadi mita 1.80. Ikikauka, ziba trapu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye nailoni, jaza maji ya sentimita 3, weka alama ya penseli, uiache siku nzima. Kushuka kidogo sana ni mvuke. Kushuka kwa nusu sentimita ni tundu, na kona au shingo ya trapu ndipo pa kutafuta kwanza.

Marumaru zinazotakiwa ni mita za mraba 15, ukihesabu za kukatika. Gundi ipakwe kwa mwiko wenye meno, uso mzima. Ule mtindo wa madonge matano ya simenti, moja katikati na manne pembeni, unaacha mapango nyuma ya marumaru. Maji yanakaa humo na kona inavunjika siku ndoo itakapodondoka. Gonga kila moja siku ya pili. Yenye sauti ya debe tupu ing'olewe kabla ya grauti ya kuziba mianya.

Mlango wa bafu ufunguke kwa nje au uteleze kwenye reli. Ukifunguka kwa ndani umelipoteza bafu lenyewe.

Silingi, rangi

Bati la geji 28 usiku wa Julai linapoa kuliko hewa ya ndani, na pumzi za watu wawili na mvuke wa chai vinagandia chini yake na kudondoka. Doa la kahawia kwenye jipsamu mara nyingi si bati linalovuja. Acha nafasi ya hewa kati ya bati na silingi, na matundu kwenye fesha bodi za pande zote mbili yenye wavu wa mbu, hasa Moshi. Blandari, yaani mbao za kushikilia silingi, ziwe za inchi 2 kwa 2, jipsamu bodi 8 za milimita 9, skrubu kila sentimita 20. Juu ya kitanda weka bodi mbili mbili. Makelele ya mvua yanazuiwa na uzito, na ile karatasi ya kung'aa inayotandikwa chini ya bati inazuia joto zaidi kuliko sauti.

Rangi haina mengi. Lita moja inafunika kama mita za mraba 10 kwa koti, fanya hesabu yako. Ila skimu, lile koti laini la chini ya rangi, ya unga wa jipsamu isishuke hadi sakafuni: sentimita 30 za chini na bafu lote zipigwe skimu ya simenti nyeupe, kwa sababu jipsamu inakunywa unyevu wa sakafu na kuvimba, na rangi inabanduka kama ngozi ya ndizi.

Makabati, gesi, na mlango

Sasa ndiyo siku ya kumwita seremala na futi kamba. Kila kabati linaloegemea ukuta wa nje liachwe sentimita 2 kutoka ukutani, na liwe na matundu juu na chini ya mgongo. Bila hivyo, kufika Agosti nguo za nyuma zina kuvu. Kabati la kutundika nguo linataka kina cha sentimita 60. Kama unazo 45 tu, weka chuma cha kutundikia kinachovutwa kuja mbele, nguo zitazame mlango.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Mtungi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu, mpira uingie kwa kutoboa ukuta, na jikoni kuwe na tundu la sentimita 15 kwa 15 chini kabisa na jingine juu. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni. Jiko la mkaa lisiingie humu ndani kabisa, hata kwa kuota tu kwenye baridi ya Juni. Hewa yake ya sumu haina harufu, na hapa kuna mtu amelala juu ya jiko.

Mlango wa nje ufungwe mwisho, baada ya marumaru, makabati na godoro kupita. Usikubali uletwe ukiwa umeshakatwa. Uje na urefu uliozidi, usimamishwe kwenye fremu, upigwe mstari milimita 6 juu ya marumaru, ukatwe palepale, na ile ncha ya chini, ambayo hakuna anayeiona, ipakwe vanishi koti mbili kabla bawaba hazijakazwa.